Namna ya Kupanga Mafunzo ya Mwaka Mzima kwa Wahudumu wa Ustawi wa Watoto

Mtu anapokabidhiwa jukumu la kupanga mafunzo ya wahudumu wa ustawi wa watoto, awe mkuu wa kitengo katika mojawapo ya halmashauri za Dar es Salaam au mratibu wa shirika lenye ofisi ya vyumba viwili Tabata, jambo la kwanza analolifanya kwa kawaida ni kutafuta ukumbi. La pili ni kutafuta mwezeshaji, na la tatu ni kupiga hesabu ya posho. Mada huja mwishoni, mara nyingi kwa kunakili ratiba ya semina ya mwaka uliopita na kubadilisha tarehe. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo, na nakumbuka siku ya tatu ya semina moja mshiriki aliponyosha mkono akauliza, kwa adabu zote, kama ningeweza kumwambia afanye nini na mtoto aliyemwacha asubuhi ile kwenye ofisi ya mwenyekiti wa mtaa. Slaidi zangu zote hazikuwa na jibu la swali hilo. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unaanzia kwenye mafaili ya mashauri, unajenga mafunzo juu ya upungufu unaoonekana humo, kisha unarudi kwenye mafaili kuangalia kama kuna kilichobadilika.

Fungua kabati kabla ya kukodi ukumbi

Chukua mafaili 20 yaliyofungwa, au yaliyolala bila kuguswa, ndani ya miezi 12 iliyopita. Usichague mazuri. Hakikisha yamo ya aina mbalimbali: matunzo ya mtoto baada ya wazazi kutengana, ambayo ndiyo hujaza mabenchi ya ofisi zetu na ndiyo yaliyozaa ule usemi wa mtaani wa “nitakupeleka Ustawi”, utelekezaji, ukatili wa kingono, watoto walioshuka stendi ya Mbezi peke yao wakitokea mikoani, mabinti wadogo waliochukuliwa vijijini kuja kufanya kazi za ndani, na watoto wanaokinzana na sheria. Wasomaji wawe wawili, na mmoja wao asiwe aliyeyashughulikia mashauri hayo. Usomaji ufanyike ndani ya ofisi, majina yakiwa yamefunikwa, na mtu yeyote asipige picha ya ukurasa kwa simu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu sisi kama inavyozihusu benki na kampuni za simu, ingawa kwa mwenendo wa makundi yetu ya WhatsApp mtu anaweza kudhani imetusamehe.

Katika kila faili, msomaji atafute majibu ya maswali machache tu. Je, mtoto mwenyewe amezungumza mahali popote humu, au amezungumziwa na watu wazima kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho? Je, uamuzi uliofanyika umeandikwa pamoja na sababu zake na jina la aliyeufanya? Rufaa iliyotolewa kwenda hospitali, polisi au shuleni ilirudisha majibu, au ilitoka ikapotea? Na kati ya taarifa na hatua ya kwanza zilipita siku ngapi? Wasomaji wanapomaliza mafaili 20 hawahitaji tena dodoso la mahitaji ya mafunzo, maana upungufu huwa unajirudia kiasi kwamba faili la kumi na tano huweza kubashiriwa kabla ya kufunguliwa.

Nitoe mfano, ambao nimeutunga kutokana na aina ya maelezo yanayojirudia sana. Ukurasa wa ziara ya nyumbani unasomeka hivi: “Nilitembelea familia. Mama ni mkali na hana ushirikiano. Mtoto ana tabia mbaya na ni mtoro. Nilitoa ushauri nasaha. Hali inaendelea vizuri.” Sentensi tano, na hakuna hata moja ambayo mtu mwingine akirithi faili hilo anaweza kuifanyia kazi. Hakuna saa, hakuna mahali, hakuna neno la mtoto, na hatujui ushauri uliotolewa ulikuwa upi. Sasa mpe mwandishi wake dakika 20, mkumbushe siku ile, umwombe aandike tu alichokiona na alichokisikia. Huandika kitu kama hiki: “Jumanne saa 10 jioni nilifika kwenye chumba wanachopanga, Tandika. Mama alikuwa nje anakaanga mihogo ya kuuza, akanijibu akiwa amesimama, akasema hawezi kuyaacha mafuta motoni. Mtoto, miaka 11, alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Aliniambia kuwa Jumatatu na Alhamisi haendi shule kwa sababu siku hizo mama huenda sokoni alfajiri na mdogo hana wa kumwangalia. Tumekubaliana na mama aje ofisini Ijumaa tuzungumze juu ya mahali pa kumwacha mtoto mdogo mchana. Kesho nitazungumza na mwalimu wake.”

Shauri limegeuka. Katika maandishi ya kwanza tulikuwa na mtoto mtoro na mama mkali, na katika ya pili tuna kaya isiyo na malezi ya mchana. Mhudumu ni yule yule na ziara ni ile ile. Zoezi hili moja, likifanywa kwa mafaili ya ofisi husika na si kwa mifano ya kwenye kitabu, limewafaidi watu niliowafundisha kuliko mada yoyote ya nadharia, na ndiyo maana napendekeza liwe la kwanza katika mwaka wa mafunzo.

Jua unayemfundisha

Neno “mhudumu wa ustawi wa watoto” linafunika watu wenye maandalizi tofauti kabisa. Wapo maafisa ustawi wa jamii wenye stashahada, shahada au zaidi, na wengi wao hapa mjini wamepitia Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Wapo maafisa maendeleo ya jamii, kada nyingine yenye vyuo vyake, ambao wananchi huwachanganya na wenzao wa ustawi na ambao mara nyingi hujikuta wakipokea mashauri ya watoto kwa sababu tu ndio waliopo kwenye kata. Wapo wahudumu wa kujitolea wa ngazi ya mtaa, ambao mafunzo yao ya muda mfupi yalianza kutolewa kwa mpangilio mwaka 2007 kwa ushirikiano wa Taasisi hiyo ya Kijitonyama na chuo kimoja cha Marekani, wakati idadi ya watoto walioachwa yatima na UKIMWI ilipozidi uwezo wa maafisa walioajiriwa. Na wapo walezi wa kwenye makao ya watoto, kama yale ya Taifa ya Kurasini, na wa mahabusu ya watoto ya Upanga, wanaokaa na mtoto usiku na mchana. Hawa wa mwisho ndio wanaosahaulika kuliko wote. Afisa anamwona mtoto kwa nusu saa, mlezi anamwona akiamka saa 8 usiku akilia, lakini barua ya mwaliko wa semina huandikwa kwa jina la afisa.

Kwa anayetaka kujiendeleza kwa masomo marefu, njia zipo bila kuhama mji. Mbali na Kijitonyama, ustawi wa jamii hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Huria chenye makao yake makuu Kinondoni kinamfaa zaidi mtu asiyeweza kuacha kazi. Kabla ya kulipa ada popote, hakiki kama kozi yenyewe inatambuliwa: NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kwa astashahada na stashahada, na TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa shahada za vyuo vikuu. Nasema kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi ikawa haijapata ithibati. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri mapema na aipate kwa maandishi.

Sheria ifundishwe kwa Kiswahili na kwa matatizo

Kikao cha sheria kina sifa mbaya katika semina zetu, na kinastahili. Mwezeshaji husoma vifungu kwa Kiingereza, washiriki huandika namba zake, na Jumatatu inayofuata afisa anayezungumza Kiswahili kutwa nzima na watu wa Vingunguti hawezi kumweleza baba wa mtoto sheria inasema nini. Geuza utaratibu. Wape washiriki tatizo kwanza, wajadiliane, ndipo waifungue Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kutafuta jibu wao wenyewe.

Matatizo ya kuanzia yasikosekane haya. Binti wa miaka 13 amekutwa akifanya kazi za ndani Kimara, mwajiri anasema anamsaidia mtoto wa ndugu: sheria inaweka umri wa chini wa ajira kuwa miaka 14, na hata aliyefikisha umri huo haruhusiwi kufanya kazi inayomdhuru au kumkosesha shule. Mvulana wa miaka 9 ameshikiliwa kituoni kwa kuiba simu: chini ya miaka 10 mtoto hawajibiki kwa jinai kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, na kati ya miaka 10 na 12 ni lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa analolifanya ni kosa. Wazazi wa binti wa miaka 16 wamepokea posa na wanasema Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu: hapa mhudumu ajue kuwa Mahakama Kuu mwaka 2016, na baadaye Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kuwa vifungu vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Jirani anajua mtoto anateswa lakini anaogopa kuitwa mbea: kutoa taarifa kwa mamlaka za serikali za mitaa ni wajibu wa kila mwananchi, na namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Tahadhari moja ya kiufundi. Toleo jipya la sheria zilizofanyiwa urekebu lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu katika sheria kadhaa zimesogea. Vitini vya zamani visigawiwe kabla ya kulinganishwa na toleo hilo.

Kumsikiliza mtoto

Kama fedha zinatosha mada moja tu, chagua hii. Kumsikiliza mtoto hakufundishiki kwa maelezo, hata yawe mazuri namna gani. Kunahitaji viti vitatu. Mmoja anakuwa mtoto, wa pili mhudumu, wa tatu hasemi neno bali anashika karatasi yenye safu mbili: maswali yanayomwachia mtoto nafasi ya kusimulia, na maswali yanayomtilia jibu mdomoni. “Niambie ilivyokuwa tangu ulipotoka shule” ni la safu ya kwanza. “Alikupiga, siyo?” ni la safu ya pili. Dakika 10 zikiisha, mtazamaji anasoma hesabu. Mara ya kwanza safu ya pili huwa imejaa hadi chini, hata kwa watu wenye miaka mingi kazini, na ukumbi mzima hucheka kicheko cha aibu. Badilishaneni viti mrudie. Rudieni tena kesho yake.

Kuna mambo ya hapa kwetu ambayo vitini vilivyotoka nje havina. Mtoto wa Pwani amefundishwa kuamkia na kunyamaza mbele ya mtu mzima. Anasema shikamoo, anaitikiwa marahaba, kisha anangoja aulizwe. Amefundishwa pia kutomkazia macho aliyemzidi umri, na nimeona ripoti iliyoandika kwamba mtoto “anaonekana anadanganya kwani anaangalia chini”. Alikuwa anaonyesha heshima. Basi mfunze mhudumu kukaa kwenye kimo cha mtoto, kwenye kigoda au mkeka, kuzungumza naye kwanza juu ya kitu kisichohusu tukio, na kumwambia waziwazi kuwa hapa anaruhusiwa kumsahihisha mtu mzima. Jaribio zuri ni kukosea jina la shule yake kwa makusudi na kungoja. Akisahihisha, mlango umefunguka kidogo. Asiposahihisha, bado hajaamini ruhusa hiyo, na maswali mazito yangoje.

Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema. Watoto wetu wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono husema “alinifanyia tabia mbaya”, na mhudumu aliyezoea lugha ya mahakamani huandika papo hapo jina la kosa la jinai. Akifanya hivyo, maneno ya mtoto yamepotea. Kazi yake ni kuuliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, “Ukisema tabia mbaya, unamaanisha nini?” na kuandika jibu. Jambo hili lina uzito wa kisheria. Tangu Sheria ya Ushahidi iliporekebishwa mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Mtoto aliyehojiwa na mwenyekiti, mwalimu, muuguzi, polisi na afisa ustawi, kila mmoja kwa maswali yake ya kutia jibu mdomoni, hufika mahakamani na masimulizi matano.

Fanyeni mazoezi pia ya ahadi zisizotolewa. “Niambie tu, sitamwambia mtu” ni sentensi inayotoka kwa huruma na ni uongo, kwa sababu mhudumu ana wajibu wa kutoa taarifa. Badala yake aseme: “Ukiniambia kwamba kuna mtu anakuumiza, nitahitaji kuwaambia wachache wanaoweza kulizuia, na nitakueleza ni akina nani kabla sijawaambia.”

Zoezi la mwisho katika mada hii ni la watu wazima, na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linahusu kuyamaliza kifamilia. Mshiriki mmoja awe bibi wa mtoto, mwenye mamlaka yake yote kibarazani. “Mwanangu, haya mambo ni ya ndani, wazee tumeshakaa, na aliyekosa ameomba radhi.” Mhudumu kijana kwa kawaida ama hulainika akakubali, ama huanza kumtajia bibi vifungu vya sheria, na mazungumzo yanakufa kwa namna zote mbili. Wafundishwe kujibu wakiwa bado wameshika heshima: “Bibi, nashukuru umenipokea. Naelewa wazee mmekaa kwa nia njema. Ila jambo hili likishafika kwangu sina uwezo wa kulifuta, na mtoto anahitaji kuonwa na daktari leo. Nakuomba twende naye pamoja, maana wewe ndiye anayekuamini.” Bibi aliyepewa kazi ya kufanya huwa mshirika mara nyingi zaidi kuliko tunavyotarajia.

Wafundishe pamoja na wenzao

Mtoto mmoja hupita mikono mingi, na mafunzo ya kada moja peke yake huishia kuwalaumu wasiokuwepo ukumbini. Angalau mara mbili kwa mwaka, kaeni na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, wauguzi wa hospitali mnayopelekea rufaa, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, mwalimu wa malezi, mtendaji wa kata, na wajumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyoundwa chini ya MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto.

Zoezi la siku hiyo ni hili. Chora saa ukutani na uandike: Ijumaa, saa 11 jioni, Mbagala. Mtoto wa miaka 12 amemwambia jirani kwamba jana usiku alifanyiwa ukatili na mtu anayeishi naye nyumba moja. Sasa kila aliyepo aeleze anafanya nini, kwa zamu, na mwezeshaji asogeze mshale wa saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ni lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kwa hiyo kila “aje Jumatatu” inayotamkwa inapimwa dhidi ya saa hiyo. Hapo ndipo hugundulika kwamba polisi anangoja daktari, daktari anangoja PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na mhudumu hana nauli ya bajaji. Matibabu yaanze na fomu ifuate. Wakubaliane hivyo wakiwa wamekaa pamoja, na wapeane namba za simu zinazopokelewa usiku.

Kisha uliza: usiku huu mtoto analala wapi? Kila mara nilipouliza swali hili ukumbi umenyamaza. Mtuhumiwa anaishi nyumbani, makao ya watoto hayapokei bila utaratibu, na ofisi zimefungwa. Jibu huhitaji orodha ya familia za kuaminika zilizochunguzwa na kuidhinishwa mapema kumpokea mtoto kwa dharura, na kama orodha hiyo haipo au ni ya miaka mitatu iliyopita, basi kuitengeneza upya ndiyo kazi ya nyumbani ya kikao kizima.

Mafunzo yenyewe huwa kazini

Semina ya siku tatu huamsha tu. Mazoea hujengwa na mtu anayemwona mhudumu akifanya kazi. Mwajiriwa mpya, katika miezi yake mitatu ya mwanzo, afuatane na mwenzake mzoefu katika ziara tatu akiwa anatazama tu, halafu afanye tatu mwenyewe huku mwenzake akitazama, na baada ya kila ziara wakae mahali, hata kwenye kibanda cha chai, wajibu maswali mawili: tumeona nini, na ungefanya nini tofauti. Hili halina gharama, na bado ni nadra, kwa sababu aliye mzoefu huwa na foleni ya watu mlangoni na anaona ni haraka zaidi kwenda peke yake.

Mara moja kwa mwezi ofisi ikae kwenye kikao cha mashauri. Shauri liwe moja tu, liletwe na aliyekwama. Mkuu wa ofisi azungumze wa mwisho, maana akianza yeye hakuna atakayemkosoa. Kando ya kikao hicho, kila mhudumu apate saa moja kwa mwezi na msimamizi wake, wawili tu, mlango ukiwa umefungwa. Huu ndio usimamizi shirikishi, na usigeuzwe kuwa ukaguzi wa takwimu za robo mwaka. Msimamizi aulize mzigo wa mashauri ukoje, lipi linamsumbua, na lipi anaondoka nalo kwenda nyumbani. Swali la mwisho lina sababu. Mtu anayesikiliza habari za watoto kuumizwa wiki baada ya wiki huanza kukosa usingizi, kuwafokea watoto wake mwenyewe, au kufa ganzi hata kilio cha mtoto kisimguse tena. Katika utamaduni wetu wa kazi mtu huambiwa ajikaze. Wasimamizi wafundishwe kuzitambua dalili hizo mapema, kupunguza mashauri ya aina moja kwa mhusika, na kumpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili inapobidi bila kuiandika kama udhaifu kwenye tathmini yake.

Kozi za mtandaoni zina nafasi yake. Jukwaa la UNICEF liitwalo Agora lina masomo ya ulinzi wa mtoto bila malipo, ingawa mengi si kwa Kiswahili. Wapangieni wahudumu wawili wawili wasome somo moja, kisha wawaeleze wenzao kwa Kiswahili kwenye kikao cha mwezi kwa mfano wa shauri la hapa hapa. Cheti bila zoezi hilo ni karatasi.

Fedha na kalenda

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na maandalizi ya bajeti za halmashauri huanza miezi mingi kabla. Mapitio ya mafaili yakikamilika kufikia Oktoba, unakuwa na hoja yenye ushahidi ya kuingiza kwenye mpango. Ukiyafanya Mei, utasikilizwa kwa huruma tu. Nusu siku mara moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa kata huzaa zaidi kuliko wiki nzima hotelini, na hugharimu sehemu ndogo. Nauli na chai zilipwe bila mizengwe, hasa kwa wahudumu wa kujitolea, ambao siku ya mafunzo kwao ni siku iliyokosa biashara. Anzeni saa 3 asubuhi kwa sababu ya foleni, siku ya Ijumaa mmalize kabla ya saa 6 mchana, na msipange kikao cha Jangwani au Kigogo katikati ya masika.

Rudi kabatini

Fomu ya tathmini inayojazwa saa ya mwisho ya semina hueleza kama chakula kilikuwa kizuri. Kipimo chako ni mafaili mengine 20, yatakayosomwa miezi sita baada ya mafunzo ya kwanza, na wasomaji wale wale, kwa maswali yale yale. Hesabu ni mangapi yana sauti ya mtoto, ni rufaa ngapi zimerudi na majibu, na ni siku ngapi zimepita kati ya taarifa na hatua ya kwanza. Weka hesabu ya mwanzo na ya sasa kwenye karatasi moja na uibandike ndani ya ofisi, ambapo wahudumu wataiona na wageni hawataiona. Mahali ambapo namba haijasogea, usiirudie mada hiyo kabla ya kuuliza ni nini kinazuia, kwa sababu mara nyingine mhudumu anajua kabisa la kufanya ila ofisi haina muda wa maongezi kwenye simu, au chumba kimoja kinatumiwa na maafisa wanne na mtoto hawezi kuzungumza humo. Kwa ofisi ya namna hiyo, kipengele cha kwanza cha mpango wa mafunzo wa mwaka unaofuata kiwe pazia zito, mkeka na vigoda viwili.